Breki za Mzee Taratibu

Hadithi hii nilisimuliwa na mke wa mwenye gari mwenyewe, mwaka ule tulipolazwa wodi moja, mimi kwa ajili ya goti, yeye kwa ajili ya jicho. Vitanda vyetu vilitazamana. Jicho lake moja lilikuwa limefungwa bendeji, lakini mdomo haukufungwa, na tumshukuru Mungu kwa hilo, maana siku za wodini ni ndefu kama kamba ya kisima. Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, mumewe naye alikuja, akavuta kiti, akaongeza yale ambayo mkewe hakuyajua kwa kuwa yalikuwa yamejificha moyoni mwake. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyapata kwa watu wawili, mmoja aliyaona kwa nje na mwingine aliyaonja kwa ndani.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake haina fumbo. Ukimfuata chawa kwa kidole kimoja, atakutembeza tu mpaka uchoke wewe. Ili umpasue ni lazima ukucha ukutane na ukucha. Jambo hili hata mtoto analijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukubali ni kitu kingine, hasa kidole chenyewe kikiwa kimevimba kwa wivu.

Mwenye gari alikuwa dereva mstaafu wa lori la kiwanda cha unga. Watu wote walimwita Mzee Taratibu, na jina hilo alilipata siku alipomleta nyumbani binti yake wa pekee kutoka hospitali alikozaliwa. Aliomba ruhusa kazini, akampandisha mkewe na kichanga mbele, kwenye kichwa cha lori, akaendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai kwenye ungo. Njiani mtu mwenye mkokoteni wa maji aliwapita, akageuka, akawapungia mkono. Wapakiaji wa magunia walipolisikia hilo walicheka hadi wakakaa chini. "Taratibu!" wakamwita, na jina likaganda kama unga uliolowa. Yeye hakukasirika hata kidogo. Moyoni alijiambia kuwa hakuna mzigo aliowahi kuubeba vizuri kama ule.

Miaka ikaenda. Binti akakua, akaolewa na fundi wa friji, kijana mrefu mwenye maneno machache na kisanduku cha vifaa kilichofungwa nyuma ya baiskeli yake. Mimba ya kwanza ilipokuwa kubwa, binti na mumewe walihamia kwenye vyumba viwili vya uani kwa wazazi, ili mama awe karibu. Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Jumapili ya kwanza tu, mkwe alirekebisha bomba la uani lililokuwa likidondoka mwaka mzima. Wiki iliyofuata akaukwangua mlango wa jikoni uliokuwa ukikwama. Kisha akaifungua redio iliyokuwa bubu, akaipuliza vumbi, nayo ikaanza kuimba. Kila mara mama mkwe alishika kiuno na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Jamani, mkwe wangu ana mikono!"

"Na mimi nina nini?" Mzee Taratibu aliuliza siku moja. "Kwato?"

"Wewe una mdomo," mkewe alimjibu. "Lile bomba ulisema utalitengeneza kabla ya mvua. Mvua ipi, hukusema."

Mzee alicheka kwa meno tu. Moyo haukucheka. Tangu siku hiyo alianza kuamka alfajiri, kabla ya watu wote, akanyata hadi uani na kuinama mbele ya bomba kuona kama limeanza kuvuja tena. Aliligusa kwa chini kwa ncha ya kidole. Kidole kilirudi kikavu. Akarudi kitandani amenuna.

Kulikuwa na kikombe kikubwa cha bluu ambacho hakuna aliyekigusa nyumbani mle isipokuwa yeye. Jioni moja vikombe vingine vilikuwa havijaoshwa, mama mkwe akammiminia mkwe chai katika kile cha bluu bila kuwaza. Mzee alipewa chake katika kikombe cha wageni, chenye maua. Alikunywa. Lakini kila funda lilimshuka kama msumari, na usiku kucha aliyaona yale maua.

Sasa turudi kwenye gari. Alipostaafu, Mzee Taratibu alinunua gari dogo jeupe, kuukuu lakini safi. Kwa muda sasa lilikuwa na ugonjwa. Akikanyaga breki, usukani ulitetemeka mikononi mwake na pedali ilimpiga nyayo. Kwa kuwa ni dereva wa siku nyingi, aliujua ugonjwa huo bila kupima. Nyuma ya kila gurudumu la mbele pana sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, waitayo diski. Pedi mbili huikumbatia, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, nazo zikibana kwa pamoja gari husimama. Diski zake zilikuwa zimepinda na pedi zilikuwa zimekwisha. Diski mpya na pedi mpya zilikuwa tayari chini ya kitanda, ndani ya maboksi yake. Kilichokosekana ni siku ya kuzifunga.

"Baba," mkwe alimwambia jioni moja kwa adabu, "Jumamosi tusaidiane hizo breki? Mimi magari siyajui, lakini naweza hata kushika tochi."

"Friji halina breki, mwanangu," mzee alijibu. "Wewe kaa na baridi yako, niachie moto wangu."

Mkwe aliinamisha kichwa, hakurudia tena.

Uchungu ulimshika binti mchana mmoja, jua likiwa utosini. Mzee Taratibu aliusikia ukelele, akaruka kama kijana, akachukua ufunguo, akawasha gari na kufungua mlango wa nyuma. Binti alitoka akiwa ameegemea bega la mumewe. Alipofika kwenye gari alisimama, akapumua kwa nguvu, akasema, "Baba, nisamehe. Siyo hilo. Linatikisika."

Wakaita teksi. Teksi ikaondoka na binti, na mama, na mkwe. Mzee alizima injini, akabaki getini peke yake, ufunguo mkononi. Ufunguo ulimtazama naye akautazama.

Mjukuu alizaliwa salama, wa kike, ila madaktari wakasema mama na mtoto wabaki siku chache waangaliwe. Ijumaa asubuhi mkewe alirudi kutoka hospitali akiwa na habari.

"Kesho wanaruhusiwa!" alisema, akiweka kapu chini. "Mkwe ameshazungumza na yule mwenye teksi."

"Basi azungumze naye tena," alisema Mzee Taratibu. "Amwambie asije. Mama wa mtoto nilimleta mimi, na mtoto nitamleta mimi."

"Kwa breki zipi, mume wangu?"

"Nitakazozifunga leo."

"Basi msubiri mkwe atoke kazini, mshike pamoja. Yule kijana ana mi..."

"Usiseme!" mzee alifoka. "Usiseme mikono. Leo sitaki kusikia habari za mikono ya mtu."

Mkewe alitikisa kichwa, akajaza kapu nguo safi za mtoto, akarudi hospitali. Juu ya meza alikuwa ameacha mto mdogo alioushona mwenyewe, wa kitambaa laini cha njano, wa kumlazia mtoto njiani.

Mara geti lilipofungwa, mzee alivua shati. Hamu yake ilikuwa moja tu. Alitaka mkwe arudi kutoka kazini amkute ameshamaliza, ameshanawa, amekaa kivulini ananywa chai katika kikombe cha bluu.

Na kazi aliijua. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akalegeza nati gari likiwa bado chini, akapiga jeki, akaliegemeza gari juu ya vigogo vinene ili jeki ikisaliti visisaliti vigogo. Akaanza na upande wa kulia. Akalifungua koleo la chuma linaloshika pedi, lile mafundi waliitalo kalipa, akalining'iniza kwa waya ili mpira wake wa mafuta usibebe uzito. Diski kuukuu ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Aliigonga kwa nyundo, huku akigonga huku akizungusha, mpaka ikaachia. Diski mpya aliifuta mafuta yake ya dukani kwa kitambaa na petroli, maana pedi na mafuta ni kama paka na maji. Akafunga pedi mpya, akaurudisha mdomo wa kalipa, akakaza. Upande wa kulia ukang'aa kama sarafu. Mzee akapiga mluzi.

Upande wa kushoto ndiko maneno yalikokuwa. Alipotoa pedi kuukuu, aliziweka kiganjani akazitazama. Ya ndani ilikuwa imelika mpaka chuma. Ya nje ilikuwa nene bado, karibu kama mpya. Maana yake aliielewa papo hapo. Kalipa hutembea juu ya pini mbili ili ibane kutoka pande zote. Pini moja ilikuwa imeshikwa na kutu, kalipa haitembei, kwa hiyo pedi moja ilifanya kazi yote na mwenzake alikaa tu akitazama.

Mzee aliishika ile pini akaizungusha. Haikusogea. Akaipiga, akaikemea, akaitukana matusi ya madereva ambayo mkewe hakutaka kunitajia. Wapi! Ilitaka mtu mmoja ashikilie kalipa kwa mikono miwili na mwingine azungushe pini. Ilitaka na moto kidogo. Na moto ulikuwepo, kwa mkwe, ile tochi ya gesi anayounganishia mabomba ya friji. Alilitazama jua. Saa ya mkwe kurudi ilikuwa inakaribia.

"Itajilegeza yenyewe njiani," alijiambia.

Basi ndivyo wivu ulivyo. Kutu hula pini, na wivu hula akili, na vyote viwili hula polepole bila mlio. Mtu huyu aliyeendesha lori miaka yote bila kugusa hata bawa la kuku, leo aliona ubovu kwa macho yake mawili akaufunika kwa mikono yake miwili. Alifunga pedi mpya juu ya pini mbovu, akarudisha tairi, akashusha gari. Akakanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikasimama imara chini ya mguu. Uani, gari lilisimama vizuri.

Kabla hajatoka kulijaribu barabarani, alikwenda ndani akauchukua ule mto wa njano, akauweka kwenye kiti cha nyuma, katikati. Alitaka tu kuona utakavyokaa.

Barabara ya tambarare gari lilikwenda salama, na usukani ulitulia. Mzee alianza hata kuimba. Kisha akasikia harufu ya kuungua. "Vitu vipya hunuka," akasema. Gari likaanza kuvuta kushoto. "Barabara imeinama," akasema. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaidizi. Akafika kwenye mteremko unaoshuka kuelekea sokoni, akakanyaga breki, na pedali ikazama kama mguu kwenye tope. Ile pedi iliyokuwa ikisugua bila kuachia ilikuwa imepata moto mpaka mafuta ya breki yakachemka.

Hapo dereva wa zamani aliamka ndani yake. Alishuka gia, akashuka nyingine, akavuta breki ya mkono, akaona rundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa, akaliingiza gari humo. Mchanga ulilimeza gari mpaka taa. Kuku aliyekuwa akijifukulia pale aliruka akilalama kama aliyenyang'anywa kiti.

"Mzee!" fundi mwashi alipiga kelele kutoka juu ya jukwaa. "Mchanga huo ni wa kujengea, siyo wa kuegesha!"

Mzee alikuwa akitazama pembeni mwa mguu wake. Ule mto wa njano ulikuwa umeruka kutoka kiti cha nyuma, ukapita katikati ya viti viwili vya mbele, ukaanguka chini, kando ya gia. Upande mmoja ulikuwa umechafuka.

Mwashi aliteremka na ndoo ya maji, mwema wa watu, akakimbilia gurudumu lililokuwa likifuka moshi. "Usimwagie!" mzee alimzuia. "Chuma cha moto ukikimwagia kitapasuka. Kiache kipoe chenyewe." Mwashi akaondoka akinung'unika kuwa wazee wa siku hizi hawasaidiki.

Na nani anatokea juu ya mteremko kama si mkwe, juu ya baiskeli, kisanduku kikigongagonga nyuma? Mzee alimwona kwa mbali. Haraka akafungua boneti, akaingiza kichwa kwenye injini kama mtu mwenye shughuli zake.

Baiskeli ikasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," injini ilijibu.

"Baba, moshi unatoka huku nyuma ya tairi."

"Najua unakotoka."

Mkwe alizunguka gari, akachungulia ndani, akanyoosha mkono na kuuokota ule mto. Akaukung'uta kwa upole, akasimama nao. Mzee alitoa kichwa kwenye injini akamwona ameushika hivyo, kwa mikono miwili, kama unaolia. Akakaa juu ya mchanga.

"Angekuwa juu yake," alisema. "Kesho saa hizi angekuwa juu yake."

Mkwe aliugeuza mto upande usiochafuka.

"Pini ya kushoto iligoma, mwanangu. Niliiona. Siyo kwamba sikuiona. Niliiacha kwa sababu nilitaka urudi unikute nimemaliza. Nilichoka kusikia una mikono."

Mkwe alikaa chini karibu naye, si karibu sana. Alichota mchanga akaumwaga, akachota tena. Kisha yule mtu wa maneno machache akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema nyumbani mle.

"Baba, tangu nimeoa, nyumbani kwangu tunaishi watatu. Nikinunua sabuni, 'Baba hununua ile ya bluu.' Nikienda haraka kwa baiskeli, 'Baba angekwenda taratibu.' Juzi uchungu ulipompata, mkono aliushika wangu, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini jina aliloita lilikuwa lako. Unadhani lile bomba nililitengeneza kwa nini? Nilitaka siku moja tu aseme, 'Mume wangu!'"

"Akasema?"

"Alisema, 'Inaelekea limeshika. Ngoja baba aliangalie.'"

Bega la mzee likaanza kutikisika, mkwe akadhani analia. "Nililiangalia," mzee alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kila alfajiri naliangalia. Nainama pale, naliombea livuje!"

"Uliliombea?"

"Kwa jina la Mungu, mwanangu. Nililifanyia hata saumu!"

Wakacheka wote wawili mpaka mwashi akachungulia tena kuona kama jua limewaingia kichwani. Na walipomaliza kucheka walikuwa wamekaa karibu zaidi, hakuna aliyejua nani alisogea.

Gurudumu lilipopoa, wakalichimbua gari mchangani. Mzee aliliongoza kwa gia ya kwanza kupanda kurudi nyumbani, na mkwe alitembea pembeni ameshika jiwe, tayari kulitupa nyuma ya tairi kama lingerudi nyuma. Mwenye mkokoteni wa maji aliwapita. Mzee akampungia mkono.

Uani wakafungua upya. Diski ya kushoto ilikuwa imegeuka rangi kama shingo ya njiwa. "Hii haibebi mtoto," mzee alisema. "Nenda dukani kabla hawajafunga. Leta mbili, na pedi za pande zote mbili. Breki hubadilishwa kwa jozi. Ukimpa mguu mmoja kiatu kipya na mwingine kuukuu, mtu atakwenda upogo."

Mkwe akaenda akarudi jasho likimtiririka. Akawasha tochi yake ya gesi.

"Ngoja!" mzee alisema. "Toa kwanza kile kimpira kinachofunika pini, utakichoma. Na mpira wa mafuta uweke mbali. Haya, sasa. Pasha chuma cha nje, usipashe pini."

Mkwe akapasha, akaweka tochi chini, akaikumbatia kalipa kwa mikono yake mirefu. Mzee akashika spana. Mmoja akashikilia na mwingine akazungusha. Pini ikalia kama mlango wa zamani, kisha ikaachia. Waliisugua kwa msasa, wakaipaka grisi, wakairudisha na kuitembeza mbele na nyuma, na mzee akamwacha mkwe aitembeze mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika, kwa kuwa alimwona anafurahi.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mafuta ya breki yaliyochemka, na kazi hiyo, hata fundi awe na mikono minane, haifanyiki bila mtu wa pili kwenye pedali. Mkwe alikaa ndani. Mzee alilala chini kando ya gurudumu, chupa mkononi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, baba."

"Shikilia! Usiachie mpaka niseme."

"Nashikilia."

"Povu hilo linatoka... Nimefunga. Achia. Kanyaga tena!"

"Baba, mguu unakufa."

"Mwenzio alizaa, wewe unalalamikia mguu? Kanyaga!"

Mama mkwe alirudi na kapu lake jua likiwa bado halijazama, akasikia kelele akiwa getini. Aliposukuma aliona miguu ya mumewe chini ya gari na kichwa cha mkwe juu ya usukani, wote weusi kwa grisi kama masufuria. Akashika kiuno.

"Jamani, mkwe wangu ana mikono!"

Mkwe akatoa kichwa dirishani.

"Leo hapana, mama," alisema. "Leo nilikuwa na mguu tu. Mikono ni ya baba."

Mama mkwe aliniapia pale kitandani kwamba aliiona miguu ya mumewe ikichezacheza kama ya mtoto aliyepewa peremende.

Asubuhi ya Jumamosi walilijaribu gari kwanza wao wawili, kwenye mteremko uleule, mara ya kwanza mzee akiendesha na mara ya pili mkwe. Mwashi alisimama mbele ya mchanga wake na koleo mkononi, lakini gari lilisimama mbali naye, kimya, kama mtu aliyekumbuka jambo. Ndipo walipokwenda hospitali.

Mzee Taratibu alishika usukani. Binti alikaa nyuma, mtoto amelala juu ya mto wa njano uliofuliwa, mama yake upande huu na mumewe upande ule. Walipoanza kushuka, binti alijikaza akashika kiti cha mbele. Breki zikashika laini. Usukani ukatulia.

"Baba!" alisema. "Halitikisiki. Nani amelitengeneza?"

"Mimi," alisema mzee.

"Mimi," alisema mkwe, kwa wakati uleule.

Wakatazamana kwenye kioo. "Sisi," wakasema pamoja, na binti akacheka mpaka akashika tumbo linalouma.

Nyumbani mtoto alianza kulia. Mkwe alimbeba, akalia zaidi. Mzee alimbeba, akamwimbia wimbo wa wapakiaji wa magunia, akalia zaidi na zaidi. Bibi akamchukua tu, akamlaza begani, na mtoto akanyamaza kama redio iliyozimwa. Wanaume wawili wakatazamana. "Huyu mama," mzee alinong'ona, "ana mikono gani?" Na mkwe akanong'ona, "Hata mimi sasa sipendi kusikia habari za mikono, baba." Mzee akaenda jikoni, akamimina chai katika kikombe cha bluu, akakiweka mbele ya mkwe. "Kwa leo tu," akamwonya.

Mchana ule nyumba ililala mapema. Mtoto alitangulia, akafuata mama yake, kisha bibi na mkono wake juu ya wote wawili. Mkwe alipitiwa na usingizi palepale mkekani, kikombe kitupu kando yake. Mzee Taratibu alibaki peke yake kwenye kiti cha dirishani. Aliona gari jeupe uani, na nyuma yake bomba. Alitega sikio kwa mazoea. Bomba halikudondosha hata tone. "Alhamdulillahi," akasema, na safari hii alimaanisha. Akavitazama vidole vyake viwili, gumba na mwenzake, ambavyo grisi ilikuwa imekataa kutoka kwenye kucha zake. Akavikutanisha kidogo, akafumba macho, akalala, akijua bila kuambiwa na mtu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.